Bibi Asiye na Mastakimu na Beseni la Maji ya Vuguvugu

Jambo la kwanza alilofundishwa Daktari Jim O'Connell mwaka 1985, alipoingia katika zahanati ya wauguzi iliyokuwamo ndani ya Pine Street Inn, nyumba ya kuwalaza mafukara wasio na makao mjini Boston, nchini Marekani, halikuwa kupima moyo wala kuandika dawa, bali kuosha miguu. Alikuwa tabibu aliyehitimu Harvard, amekwisha kumaliza mafunzo yake katika hospitali kubwa ya Massachusetts General, na nafasi ya kwenda New York kusomea matibabu ya saratani ilikuwa ikimngoja. Kwa wasio na makao alikuwa ameahidi mwaka mmoja tu, mfano wa mtu atoaye sadaka kisha akashika njia yake. Wauguzi wakamwambia auweke kando ule mpira wa kusikilizia kifua, wakamkabidhi beseni, na kwa muda wa majuma mengi kazi yake ikawa kujaza maji ya vuguvugu, kutia dawa ya kuua vidudu, kupiga magoti, na kuosha miguu ya watu ambao hospitali za mji zilikuwa zimekwisha kukata tamaa nao. Ule mwaka mmoja aliouahidi umezaa umri mzima wa kazi, na kila asimuliapo habari zake huanzia hapo, kwenye beseni, na kwa mwanamke aliyempa.

Mwanamke huyo ni Barbara McInnis, muuguzi aliyefuata njia ya Mtakatifu Fransisko bila ya kuvaa joho la utawa, na ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa roho ya zahanati ile. Zahanati yenyewe ilianzishwa na wauguzi mwaka 1972, ikaendeshwa na wauguzi bila ya daktari kuisimamia, na wenyewe walikuwa na hofu, tena hofu ya haki, kwamba madaktari wakija na haraka yao wataiharibu imani iliyojengwa kwa taabu ya miaka. Maana muuguzi wa mahali kama pale alikuwa amekwisha kujua jambo ambalo vyuo havikulifundisha: ya kuwa mtu aliyefukuzwa kila mlango hatamfunulia mgeni kidonda chake siku ya kwanza, wala ya pili, na pengine hata mwezi wa pili, ila akikalishwa kwenye kiti, akaitwa kwa jina lake kamili kwa taadhima, na yule mwenye elimu akashuka chini mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mgonjwa, basi kitu fulani hugeuka. Aliyezoea kutazamwa kutoka juu sasa ndiye anayetazama kutoka juu. Naye hunena, kwa wakati wake, na aghalabu hunena lile lililokuwa likimwua.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana maana ya miguu. Katika nyumba zetu mjukuu ndiye atumwaye jioni kumkanda bibi miguu kwa mafuta ya nazi, na katika kukanda huko bibi husimulia, na mtoto hujua, kabla ya mama na baba yake kujua, kwamba mguu wa kushoto umeanza kuvimba au kwamba kidole kimekufa ganzi. Ukimwondolea bibi nyumba, umemwondolea na mjukuu huyo. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya: kwamba wauguzi wa Boston, kwa kushika beseni, walikuwa wakishika nafasi ya jamaa aliyepotea.

Lakini nyumba za hifadhi za zamani zilikuwa nyumba za wanaume. Fukara wa mjini, katika mawazo ya watu wa zama hizo, alikuwa rijali mlevi aliyelala barazani, na kitanda, supu na kiti cha zahanati vyote vilipangwa kwa ajili yake. Mwanamke asiye na makao alikuwepo vilevile, ila hakuonekana, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 wanawake wa Boston walifikia hadi ya kujivika mavazi ya kiume ili wapate sahani ya chakula katika nyumba zilizowakataa. Kip Tiernan, aliyekuwa mwandishi wa matangazo ya biashara, aliliona hilo kwa macho yake, nalo halikumpa usingizi. Na Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1974 akafungua Rosie's Place, katika duka la vyakula lililokuwa limeachwa, ikawa nyumba ya kwanza ya hifadhi kwa wanawake peke yao katika Marekani nzima. Alikataa fedha za serikali, na waliokuja aliwaita wageni. Mwanamke huyo huyo akawa miongoni mwa walioupigania Mpango wa Afya kwa Wasio na Makao wa Boston, ule ulioanza mwaka 1985 na kumwajiri O'Connell. Alifariki mwaka 2011, na leo katika barabara ya Dartmouth yamesimama matao ya chuma kwa kumbukumbu yake.

Sasa tumtazame mwanamke mwenyewe. Wengi wakisikia habari za bibi asiye na makao hudhani ni mtu aliyeharibikiwa tangu ujanani, akazeekea njiani, na kwa dhana hiyo hujipa raha ya moyo kwamba balaa hilo haliwezi kuwafika wao. Dhana hiyo ni batili. Uchunguzi ulioanzishwa mwaka 2013 katika mji wa Oakland, California, chini ya Daktari Margot Kushel, uliwafuata watu 350 wasio na makao waliotimiza miaka 50 na zaidi, ukaona ya kuwa karibu nusu yao hawakuwa wamekosa makao hata siku moja kabla ya kutimiza miaka hiyo. Walikuwa watu wa kazi na kodi na funguo mfukoni. Kilichowaangusha ni kufiwa, au kuachwa, au kuugua, au kufungwa kwa kazi; jambo moja tu, lililokuja wakati ambapo hapakuwa na akiba ya kulipokea.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 57, kwa sheria za nchi ile. Ujana wake ameutumia kulea watoto, na miaka ya mwisho amemwuguza mama yake aliyepooza, katika nyumba ndogo ya kupanga ambayo mkataba wake umeandikwa jina la mama. Mama akifa, pensheni ya mama hukoma siku ile ile, na mkataba usio na jina la binti haumlindi. Binti aliyemgeuza kitandani kila usiku hupewa barua ya kuondoka. Aende akadai pensheni yake? Ili kupata ya kwake lazima awe amefanya kazi ya mshahara kwa miaka isiyopungua 10, na hata akiwa nayo hawezi kuianza kabla ya kutimiza miaka 62. Adai haki ya mume? Akiwa mjane, hungoja mpaka miaka 60. Akiwa ameachwa, huulizwa ndoa ilidumu miaka mingapi, na ikiwa ni miaka 9 badala ya 10, hana kitu. Hakuna aliyemdhulumu kwa kusudi. Kila karani aliyemjibu amemjibu kwa mujibu wa sheria, na kwa mujibu wa sheria hizo hizo mwanamke aliyemtunza mama yake kwa huba na subira hujikuta amekaa katika kituo cha treni, ameshika mfuko mmoja, akijitia kuwa anangoja safari.

Nasema akijitia, kwa kuwa sitara ndiyo mali ya mwisho ya mwanamke mtu mzima, na huishika hata baada ya kupoteza mengine yote. Huchana nywele zake kwenye choo cha maktaba. Hukaa katika ukumbi wa wagonjwa wa dharura hospitalini kama mtu aliyemsindikiza mgonjwa. Usiku halali, kwa kuhofia kunyang'anywa au kufanyiwa jambo baya zaidi ya kunyang'anywa, bali husinzia mchana, ameketi, miguu ikining'inia. Na huku kuketi usiku na mchana, majuma kwa majuma, ndiko kuivimbishako miguu, damu ikakosa njia ya kurudi moyoni, ngozi ikakazana ikang'aa, ikapasuka, na pale ilipopasuka soksi yenye unyevu ikafanya kazi yake. Kiatu nacho ni cha msaada, si cha kipimo chake. Akiwa na kisukari, hapati hata maumivu ya kumwonya.

Yako na mambo mengine ambayo hayaandikwi katika vitabu vya tiba, na ambayo muuguzi mwenye kukaa na wanawake hawa huyajua. Daktari humwandikia mwenye moyo dhaifu vidonge vya kumtoa maji mwilini, dawa njema kabisa, ambayo humpeleka mtu msalani kila baada ya muda mchache. Lakini mwanamke asiye na kwake hushinda katika mji ambao milango ya vyoo imefungwa kwa asiyenunua kitu, na hivyo, kati ya kuvimba na kufedheheka mbele ya watu, huchagua kuvimba. Katika cheti huandikwa kwamba hafuati masharti ya dawa. Insulini yataka ubaridi. Atauweka wapi ubaridi huo mtu aliyebeba nyumba yake begani? Kitanda cha juu katika chumba cha kulala watu wengi ni kitanda tu kwa kijana, ila kwa mwenye magoti ya miaka 60 ni ukuta, na yule asiyeweza kukipanda hulala kitini tena. Meno hayapo, miwani imevunjika, na fomu ya kuomba nyumba imeandikwa kwa herufi ndogo.

Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa Daktari Rebecca Brown na wenzake juu ya watu 247 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, waliopatikana katika nyumba nane za hifadhi za Boston. Zaidi ya nusu yao walikuwa wameanguka ndani ya mwaka mmoja uliotangulia, na takriban watatu katika kila kumi walikuwa na taabu katika jambo moja au zaidi ya yale ambayo mtu mzima hujifanyia mwenyewe, kama vile kuoga, kuvaa, au kuinuka. Hivyo ni viwango ambavyo kwa watu wenye makwao huonekana kwa wazee waliowazidi miaka kama 20 hivi. Ndiyo maana katika kazi hii mwenye miaka 50 huhesabiwa kuwa mzee, wala si kwa kumvunjia heshima. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 1997, juu ya maelfu ya watu waliohudumiwa na mpango ule ule wa Boston, ulipata ya kuwa waliofariki miongoni mwao walifariki kwa wastani wa miaka 47. Miaka arubaini na saba! Bibi wa miaka 60 katika foleni ile ni mtu aliyekwisha kuishi kupita hirimu zake.

Basi kazi ya muuguzi ni ipi hapo? Si kubwa kwa kuitazama. Humwandikia bibi barua ya kumpa kitanda cha chini. Hubadili saa ya kile kidonge, akimeze jioni akiwa karibu na choo badala ya asubuhi kabla ya kutolewa nje. Humwekea insulini katika jokofu la zahanati na kumdunga sindano kila siku, na katika ile siku asipotokea, muuguzi hujua, tena hujua palipo na uwezekano wa kumpata. Hukata kucha zilizokuwa ngumu kama kigae cha kifuu. Hupiga simu hospitalini na kungoja kwenye waya nusu saa nzima, kungoja ambako mgonjwa mwenyewe hakuwezi kwa kuwa salio lake la simu lingekwisha. Hukaa naye wakati wa kujaza fomu. Katika jengo la kanisa la Newbury Street, barabara ya maduka ya kitajiri kabisa mjini humo, kuna nyumba ya mchana iitwayo Women's Lunch Place, iliyofunguliwa mwaka 1982, ambapo wanawake hupata chakula, bafu, mahali pa kufua na pa kujinyosha. Na zahanati imewekwa humo humo, hatua chache kutoka mezani, ili aliyekuja kwa ajili ya uji aweze, siku atakapotaka mwenyewe, kuuonyesha mguu wake bila ya kusafiri, bila ya ahadi ya saa, bila ya kuulizwa anwani.

Hapa nataka kusema wazi rai yangu, kwa kuwa wako wasomi waionao kazi hii kuwa ni tiba ndogo itolewayo kwa kukosekana tiba kubwa, na muuguzi kuwa naibu wa daktari asiyekuwepo. Naona wamekosea. Maradhi ya mwanamke mtu mzima asiye na makao hayahitaji sana kisu wala mashine. Yanahitaji mtu yule yule, mahali pale pale, mwenye nafasi ya kungoja, na mwenye madaraka ya kuamua jambo la mguu na la kitanda na la choo kwa pamoja bila ya kumpeleka bibi kwenye madirisha matano. Huo ni uuguzi kwa maana yake ya asili, ambayo Waislamu huikumbuka katika sira ya Bibi Rufaida wa Aslam, aliyepiga hema lake karibu na msikiti wa Madina, majeruhi wa vita wakapelekwa kwake kuuguzwa. Hema lilikuwa lake, na amri ya humo ilikuwa yake. Daktari wa Boston alipopewa beseni alikuwa akiingia katika hema la wenyewe, naye, kwa sifa yake, alilifahamu hilo.

Liko pia suala la aliyetoka hospitali. Bibi hutibiwa kichomi siku nne, joto likashuka, akaambiwa yu mzima wa kutosha kwenda nyumbani, na katika karatasi ya kutokea huandikwa: apumzike kitandani, ainue miguu, anywe maji mengi. Kitanda gani? Mwaka ule wa 1985 mpango wa Boston uliweka vitanda 25 katika nyumba ya hifadhi ya Shattuck kwa watu wa namna hiyo, walio wazima mno kwa hospitali na wagonjwa mno kwa njiani. Mwaka 1993 ikafunguliwa nyumba kamili, ikaitwa Barbara McInnis House, naye mwenyewe wakati huo angali hai. Na mwaka 2008, miaka mitano baada ya kifo chake, ikahamia katika jengo kubwa la Albany Street lenye vitanda 104. Wauguzi wako zamu usiku na mchana. Bibi aliyevunjika nyonga hukaa humo mpaka mfupa uunge, mwenye saratani hukaa kati ya dawa na dawa, na yuko ambaye hukaa humo mpaka roho itoke, akiwa ameshikwa mkono na mtu amjuaye kwa jina. Jengo hilo, zamani, lilikuwa nyumba ya maiti ya mji.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba beseni limemaliza mambo. Wauguzi wenyewe ndio wa kwanza kusema, na kwa uchungu, kwamba wanaosha leo mguu ambao kesho utalowa tena, na kwamba dawa ya kukosa nyumba ni nyumba. Kodi za Boston zimepanda kupita uwezo wa pensheni ya mjane, orodha za kungojea nyumba za bei nafuu huchukua miaka, na hakuna muuguzi awezaye kuuandika mlango wenye kufuli katika karatasi ya dawa. Ila hili nalo ni kweli, na sijaona mtu aliyelikanusha: nyumba ikipatikana baada ya miaka mitatu, ni lazima awepo bibi aliye hai wa kupewa ufunguo, mwenye miguu ya kuipanda ngazi, na mwenye kumwamini mtu mmoja kiasi cha kukubali kufuatana naye kwenda kuitazama.

Miji yetu ya Mombasa na Dar es Salaam inakua, vyumba vya kupanga vinapanda bei, na wale wajukuu wa kukanda miguu wamehamia mbali kutafuta riziki. Mabibi wanaokaa pembeni ya misikiti siku ya Ijumaa na katika vituo vya mabasi saa za alasiri tunawapita sote, tukawapa shilingi, tusiangalie miguuni. Wauguzi tunao, hodari, waliosomea hapa hapa, na wengi wao wangeifanya kazi hii kwa moyo wao wote lau wangeruhusiwa kutoka nje ya ukuta wa hospitali. Kwa hiyo nawaomba waganga wakuu wa wilaya, na mabaraza ya miji yenye kugawa fedha za afya: mteueni muuguzi mmoja, mpeni chumba kimoja karibu na mahali wanaposhinda mabibi hao, kiti imara, beseni, sabuni, mkasi wa kucha, madaraka ya kuamua, na asubuhi mbili kila juma ambazo hakuna atakayemwuliza amewaona wagonjwa wangapi.